Nilivyokwenda Butimba na Bendeji Mkononi

Wanakwaya mmeniuliza, walimu wenzangu mmeniuliza, na juzi hata muuza mkaa kanisimamisha njiani akitaka kujua ilikuwaje huko Mwanza. Kila mtu nimemsimulia kipande, na sasa nasikia vipande vyenyewe vimeungwa ovyo: kuna wanaosema nililala gerezani. Sikulala gerezani. Nilifika getini tu, na nitaeleza. Basi kaeni niwape safari nzima, tangu hapa Majita mpaka Butimba na kurudi, mkimaliza mniache nipumzike.

Kwanza niwakumbushe hali niliyoondoka nayo. Leah Mafuru wa darasa la nne alikuwa ametushinda. Tangu muhula wa pili mtoto yule anakuwa ameketi vizuri, mara anaruka dirishani na kukimbia. Ukimzuia, anang'ata. Alimwangusha kiranja, akavunja mguu wa dawati, na wiki moja kabla ya safari nilimkamata getini, akaniuma mimi mkono wa kushoto mpaka meno yakakutana. Ukurasa wake katika daftari la makosa nilikuwa nimeujaza mpaka pambizoni. Kamati ya shule ikapanga kukaa Ijumaa saa nne imwondoe.

Mwalimu mkuu wetu, Mzee Magesa, ndiye aliyesikia kwamba kuna chama cha walimu wanaofundisha watoto wenye matatizo ya tabia, na kwamba kinakutana Butimba Jumanne na Jumatano ya wiki ile ile. Miaka hii kila mtu anaanzisha kitu chake, huyu kampuni ya mabasi, yule duka la dawa, wa tatu kanisa, na walimu nao wameanzisha chama. Mzee Magesa akaniambia niende na daftari langu. Wakisema mtoto anafaa kubaki, tutajaribu tena. Wakisema hafai, Ijumaa tunamaliza. Niwe mkweli kwenu: nilikwenda kutafuta wa kuniunga mkono. Mkono uliniuma, na hasira nilikuwa nayo tele.

Majita hadi Bunda

Jumatatu alfajiri nilipanda pikapu iliyobeba mihogo. Abiria wote macho kwenye bendeji yangu. Mzee mmoja mwenye baiskeli iliyokunjika, nilipomwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na papo hapo akauliza kama ni mbwa. Nikasema si mbwa, ni mwanafunzi. Akasogeza goti lake mbali nami, kama vile ugonjwa wenyewe unaambukiza. Swali lile la mbwa niliulizwa mara saba kabla ya kufika Mwanza. Mara ya tano nilikuwa nimeanza kutamani angekuwa mbwa kweli.

Bunda nikanywa chai kwa chapati mbili, maana sijui kusafiri na njaa. Hapo stendi ndipo nilipoonja soko huria. Zamani ulikuwa unasubiri basi moja na unashukuru likija. Sasa yalikuwepo mawili ya makampuni mawili, na wapiga debe wanagombania abiria kama mafungu ya nyama. Mmoja akaninyang'anya mkoba kwa heshima kubwa, "karibu mama, karibu," akaupandisha basi la bluu. Mwenzake akanishika mkono mzima, akanipandisha basi jeupe. Nilipotoa kichwa dirishani kudai mkoba wangu, basi la bluu lilikuwa limekwisha ondoka nao. Na daftari la makosa lilikuwa humo ndani.

Jamani, nilipiga kelele. Kondakta wa basi jeupe akaniambia nisiwe na wasiwasi, gari lao lina mbio, tutalipita lile kabla ya Magu. Nikakaa ukingoni mwa kiti na kuomba Mungu, mimi mtu wa hasira, nikimwombea dereva akanyage mafuta.

Lamadi

Hatukulipita. Tulilikuta Lamadi limeegeshwa kando, boneti wazi, moshi unatoka, na mkoba wangu umewekwa kwa adabu juu ya kiti cha dereva. Nikashuka mbio, nikaufungua, nikahakikisha daftari lipo. Nikaanza kumweleza yule mpiga debe, kumbe alikuwa amedandia basi lake, nilichokuwa nimekiweka moyoni tangu Bunda, na nilikuwa na mengi. Nilipogeuka, basi jeupe lilikuwa limekwenda zake. Hasira yangu imenigharimu vitu vingi maishani, na basi lile ni mojawapo.

Haya, nifanye nini? Nikaingia kwa mama ntilie mmoja, jina lake Mama Grace, nikaagiza sato wa kukaanga na ugali wa muhogo. Sitawaeleza yule sato, mtanichukia. Mama Grace akauliza habari ya mbwa, nikamweleza yote: mtoto, chama, Butimba. Akanisikiliza huku ameacha hata kugeuza samaki. Kisha akakaa karibu yangu, akanong'ona: kama chama chetu kinachukua watu wakorofi, je, kinachukua na watu wazima? Maana yeye ana mume. Nikamwambia ni chama cha kuwasaidia walimu, hatumchukui mtu. Hakuamini. Alinifungia kipande cha samaki kwenye gazeti, na akanitajia jina kamili la mume wake, pamoja na saa anazopatikana nyumbani.

Lamadi hadi Nyakato, kwenye lori la samaki

Mama Grace huyo huyo ndiye aliyenitafutia usafiri. Wateja wake wengi walikuwa madereva wa magari ya barafu yanayopeleka sangara kwenye viwanda vya minofu vya Nyakato. Mmoja aliitwa Masanja, Msukuma mpana mwenye sauti ndogo, na kwenye kabini alikuwa na nafasi moja.

Mpaka tunavuka mto Simiyu maji ya barafu yalikuwa yanachuruzika nyuma yetu barabarani, na mbwa wa kila kijiji wanatukimbiza. Magu tukasimama tukala matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, kwa karanga. Masanja hakuuliza kama ni mbwa. Aliuliza, "Mwarimu, huyo mtoto ulimfanya nini?" Nikashtuka. Nikamwambia mimi ndiye niliyeumwa. Akatikisa kichwa taratibu, akasema yeye aliacha shule darasa la tano. Alimrushia mwalimu jiwe likampata begani, wakamchapa mbele ya shule nzima, wakamwandika kitabuni, basi. Nikamuuliza kwa nini alirusha lile jiwe.

"Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza," akasema, akabadilisha gia. "Na sasa nimeshasahau."

Nikaanza kujisifu, mnanijua. Niliona ringi ya gurudumu la akiba iliyofungwa nyuma ya kabini, nikamwambia shuleni kwetu kengele ni ringi kama hiyo hiyo. Kile kipande cha reli tulichokuwa tunagonga zamani kiliibwa kikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mimi Mwalimu Veronika ndiye niliyekwenda mwaloni, ufukweni mitumbwi inapotia nanga, kuomba ringi ya wavuvi, kwa kuwa wao siku hizi kampuni moja ya samaki imewapa king'ora. Nikamwambia walimu wengine wanagonga mara tatu, lakini wiki yangu ya zamu ringi inapigwa mfululizo, haikomi mpaka mtoto wa mwisho asimame mstarini. Hachelewi mtu. Masanja akasema ni kengele nzuri.

Nyakato, Mkuyuni na geti lisilo langu

Tulifika Nyakato jua bado lipo. Wafanyakazi wa viwandani walikuwa wanatoka zamu, wanawake wamebeba mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki, kichwani, na mimi nanuka samaki kuliko wao. Masanja akanikabidhi kwa dereva wa teksi anayemfahamu na kumwambia anipeleke Butimba. Njiani dereva akauliza naendea nini. Nilikuwa nimechoka, nikajibu kwa kifupi: naenda kwa ajili ya mtoto mkorofi, ndiye aliyeniuma. Akasema pole sana mama, ndiyo dunia. Mkuyuni akasimama kwa hiari yake, akaninunulia sabuni na mkate kwa muuzaji wa kandokando. Nikasema moyoni, kumbe watu wa Mwanza ni wema hivi.

Akanishusha kwenye geti kubwa. Askari akanisalimia vizuri, akautazama mkate, akaniambia muda wa kuwaona wafungwa umekwisha, nirudi kesho. Nilihitaji dakika nzima kuelewa. Ukiwaambia watu wa Mwanza unakwenda Butimba kwa sababu ya mtu mkorofi, hawana haja ya kuuliza unakwenda chuo cha ualimu au gerezani. Yule dereva alidhani mwanangu kafungwa. Askari alicheka mpaka kofia ikalegea, kisha akanisindikiza kwa macho mpaka njia ya chuoni. Hicho ndicho kifungo changu chote. Mkate niliula mwenyewe.

Butimba

Tulikuwa walimu kama ishirini katika darasa moja la chuo, viti vimepangwa duara. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Skolastika, mama mfupi kutoka Bukoba, anafuma sweta huku anaongoza kikao. Kitu cha kwanza, kabla hata ya sala, alikuja akanishika mkono akaifungua bendeji yangu. Akaniuliza nalala? Nikienda darasani asubuhi naogopa? Nikataka kusema siogopi. Nikasema naogopa. Shuleni kwetu tangu niumwe watu wote wameniuliza habari za Leah, na msinune, nasema ilivyokuwa. Hakuna aliyeniuliza habari zangu. Macho yakanijaa machozi kabla sijajua.

Sasa nisikilizeni utaratibu wao, maana ndio chama chenyewe. Unasoma daftari lako. Wenzako hawaruhusiwi kukupa ushauri wowote. Wanaruhusiwa swali moja tu: kabla ya hapo kulikuwa na nini? Wanaliuliza tena na tena, wanarudi nyuma hatua kwa hatua. Mtu akiteleza akasema "mimi ningemfanya hivi," anainuka kuwamiminia wote chai. Siku ya kwanza, wengine wakisoma ya kwao, mimi nilimimina chai mara sita. Mwalimu Skolastika akasema hawajawahi kuhudumiwa vizuri hivyo.

Jumatano ikafika zamu yangu. Nilisoma makosa ya Leah kwa sauti ya juu, kosa baada ya kosa, na nikasubiri waseme kweli huyu hafai. Aliyeanza ni Mwalimu Tito wa Nyakato, kijana mtaratibu anayefundisha watoto wa wafanyakazi wa viwandani. Akauliza, kabla ya kuniuma Leah alikuwa anafanya nini? Anakimbia. Na kabla ya kukimbia? Anaandika hesabu. Kabla ya kuacha hesabu? Nikafikiri. Ilikuwa imelia kengele ya kumaliza kipindi. Tukaenda kosa la pili: kengele. La tatu: kengele. Nikasema kwa hasira kidogo kwamba kengele inalia kila siku na Leah hakimbii kila siku.

Tito akaliomba daftari, akapitisha kidole kwenye kurasa. Kila kosa huandikwa na mwalimu wa zamu na kutiwa sahihi. Akanigeuzia nitazame. Sahihi zote zilikuwa zangu. Nyani haoni kundule, wahenga walisema. Wiki zangu za zamu, ringi inapopigwa mfululizo, ndizo wiki za Leah.

"Anakimbilia wapi?" akauliza Mwalimu Skolastika, sindano zimesimama.

"Ziwani."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Na hiyo ringi, kabla ya kuletwa shuleni, ilikuwa ya kazi gani?"

Ninyi mnajua jibu, na mimi nilikuwa nalijua. Sote tulikuwepo. Ringi ile ilikuwa inapigwa mwaloni mfululizo pale mtumbwi usiporudi, ili watu wateremke kutafuta. Mara ya mwisho ilipigwa siku mbili, miaka miwili iliyopita, kwa ajili ya Mafuru, baba yake Leah. Mtumbwi ulipatikana. Yeye hakupatikana mpaka leo. Na mtoto alikaa mchangani siku zote mbili akiisikia. Kisha muhula wa pili mimi nikaenda nikaiomba, nikaitundika nje ya dirisha la darasa la nne, nikaamuru ipigwe bila kukoma, na yeye akikimbia kwenda kumtafuta baba yake, namkamata getini.

Nililia mbele ya watu wasionijua. Chai siku hiyo walinimiminia wao. Hawakunipa barua wala muhuri wa kumpelekea Mzee Magesa. Walimchagua Tito awe mwenzangu wa kuandikiana barua kila mwezi, ili nisiwe peke yangu, na Mwalimu Skolastika akanifunga bendeji mpya. Akasema mkono wangu utapona. Akasema jitahidi umwone mtoto kabla hamjaketi kikao.

Kurudi

Alhamisi nilipanda basi la kwanza, na kwa kuwa nilikuwa na haraka, likawa na kila aina ya kisingizio. Igoma walishuka kununua tairi. Magu dereva aligombana na abiria juu ya mbuzi. Lamadi Mama Grace alinipungia mkono kwa mbali, na pembeni yake ameketi mwanamume mpole anamenya vitunguu. Nadhani ndiye, na nadhani ametishiwa jina langu. Nikafika Bunda jioni, magari ya huku hakuna, nikalala kwa binamu yangu.

Ijumaa asubuhi pikapu ikapata pancha, umebaki mwendo wa saa moja kwa miguu. Ilikuwa karibu saa tatu. Sikusubiri, nikaweka mkoba kichwani nikatembea, na kila hatua najiambia nitawahi, nitaingia ofisini, nitawaeleza kabla hawajaanza.

Nilipofika kwenye kilima cha kanisa nikaisikia ringi. Mfululizo, haikomi. Mzee Magesa alikuwa anawaita wazazi mashambani waje kwenye kikao. Kikao cha kumwondoa Leah. Miguu ikakimbia yenyewe. Wale mlioniona kwa mbali mkasema Mwalimu Vero kapotea njia, shule iko juu na yeye anateremka, sikupotea. Nilijua mtoto yuko wapi.

Mwaloni

Alikuwa amesimama majini, maji yamefika magotini, sare imelowa. Aliponiona akarudi nyuma hatua moja kuelekea kilindini. Nikasimama pale pale. Nikavua viatu, nikaweka mkoba mchangani, nikaingia majini mbali naye kidogo, nikatazama ziwa kama yeye. Mikono niliiweka nyuma.

"Nani hajarudi?" akaniuliza bila kunitazama.

"Leo wote wapo, Leah. Wanaita kikao tu."

"Umehesabu mitumbwi?"

Sikuwa nimehesabu. Nikamwambia tuhesabu pamoja. Iliyokuwa mchangani tukaihesabu, na miwili iliyokuwa inavua karibu na mawe, ambayo yeye aliijua kwa rangi na kwa majina ya wenyewe. Alihesabu mara mbili. Ringi ikaendelea kulia juu kule. Nikamwambia hiyo ringi niliileta mimi shuleni, na sikufikiri, na naomba anisamehe. Alitoka majini kabla yangu, akanisubiri nivae viatu.

Kilichotokea kwenye kikao wengine mlikuwepo. Niliingia na matope mpaka kwenye sketi, Leah akabaki mlangoni. Mzee Magesa akauliza chama kimesemaje. Nikawauliza nani alikuwepo mwaloni siku za Mafuru. Mikono yote ikainuka. Nikauliza ringi ilipigwa siku ngapi. Mbili. Nikauliza ringi hiyo iko wapi sasa. Mliigeukia dirishani pale ilipokuwa inaning'inia, mmoja mmoja. Mzee Magesa akatoka nje, akapanda juu ya kiti, akaikata kamba kwa mkono wake. Ajenda ile haikusomwa.

Ringi imerudi mwaloni, nasi tunatumia filimbi, na wiki yangu ya zamu watoto wanachelewa. Leah si malaika, msije mkadhani. Juzi amemwagia mwenzake wino. Nilifungua daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa, upande wa kwanza nikaandika "kabla ya hapo," nikamwita aje anieleze mwenyewe. Alikuja akasimama mbele ya meza yangu. Kisha akaniuliza kama mkono wangu umepona.

Nikapandisha mkono wa blauzi, nikamwonyesha.